Kopo la Sumu ya Mende

2 Mei

Shemeji yangu Mwalimu,

Mimi mzima, koki ya jikoni ndiyo inayoumwa. Inadondosha tone moja kila nikihesabu hadi saba. Nimeizoea. Mtu aliyetengeneza saa miaka arobaini hulala vizuri penye kitu kinachogonga.

Nakuandikia kwa mambo mawili. La kwanza, lebo ya kopo la chumvi imeanguka. Unazikumbuka zile karatasi ambazo dada yako aliziandika kwa mkono wake, SUKARI, CHUMVI, MCHELE, akazibandika kwa gundi aliyopika mwenyewe kwa unga wa ngano. Makopo yako kumi na moja. Humu ndani hakuna maandishi yake mengine. Hakuwa mtu wa kuandika, wewe unajua, barua zote za zamani nilikuandikia mimi, yeye akiwa amesimama nyuma yangu akisema, "Mwambie na hili." Sasa CHUMVI imeanguka bila kuguswa, na MCHELE inaning'inia kwa kona moja. CHUMVI nimeihifadhi ndani ya daftari langu la saa. Sipendi kuiona nyingine ikifuata.

La pili, wapangaji wamerudi. Hatukuwaona tangu mwaka ule wa mvua nyingi. Jana alfajiri nimemkuta mama mmoja karibu na sinki. Mwembamba, rangi ya chai, ana mistari miwili myeusi shingoni, na nyuma amebeba mkoba ambao hataki kabisa kuuweka chini. Aliponiona hakushtuka sana. Tulitazamana, kisha akaenda zake kwa haraka ya mtu anayejua anakoishi.

Ulisema utakuja likizo. Sikukuona, nikajua una mitihani ya kusahihisha.

Shemeji yako,
Fundi Saa


8 Mei

Shemeji,

Barua yako nimeisoma nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena nimekaa. Haikubadilika.

Miezi minne tu tangu tumzike dada! Sikatai, nyumba ikiwa kimya mtu hutafuta sauti. Lakini mpangaji? Jikoni kwa dada? Na hilo neno "wamerudi" lina maana gani? Kwamba walikuwepo dada akiwa hai, nami ndugu yake wa tumbo moja sikuambiwa?

Mwembamba, rangi ya chai, mistari shingoni. Kwa mtu anayelalamika kila siku kwamba macho yamekwisha, naona siku hiyo yalifanya kazi vizuri. Na "tulitazamana" ulikuwa na haja gani ya kuniandikia?

Naomba unijibu maswali haya kama ninavyowauliza wanafunzi wangu, moja baada ya jingine. Mama huyo ni nani? Ndani ya mkoba mna nini? Na, samahani kwa kuuliza, ni mjamzito?

Kuhusu lebo, sijui. Labda mvuke wa sufuria.

Shemeji yako, kwa sasa,
Mwalimu


13 Mei

Shemeji,

Ndiyo, ni mjamzito. Ana watoto kama arobaini, na wote wamo mkobani.

Ni mende, Shemeji. Mende! Dada yako aliwaita wapangaji kwa sababu huingia bila kualikwa na hawatoki wakiambiwa. Miaka yote nilidhani hilo ni neno la ukoo wenu. Kumbe lilikuwa neno la jiko letu tu, la watu wawili.

Nimemchunguza kwa lenzi yangu ya jichoni. Mkoba wake ni kifuko cha mayai, kigumu, kimegawanyika vyumba vidogo vidogo mistari miwili kama vidonge ndani ya pakiti. Fundi yeyote angejivunia kazi ile. Huyo mama anatembea nao, anakula nao, anakimbia nao.

Sasa mambo yamekuwa mazito. Mama mwenye nyumba, anayekaa ghorofa ya juu, amekuta mmoja ndani ya bakuli lake la sukari. Kelele zake zilisimamisha saa mbili mezani kwangu. Anamleta mpiga dawa tarehe thelathini Juni, na amesema kila kopo langu na kila karatasi ya jikoni vitolewe uani vichomwe, kwa kuwa mende hujificha humo. Nikamwambia lebo zile ziliandikwa na marehemu. Akasema, "Pole sana baba, lakini mende hajui marehemu." Mwishowe tumekubaliana hivi: siku hiyo asubuhi atashuka na tochi yake, na asipokuta mende hata mmoja, jiko langu litaachwa lilivyo.

Na mwizi wa lebo nimemjua. Wanakula gundi. Nyuma ya MCHELE nimewakuta watatu wamejipanga kama watu kwenye karamu.

Lakini usiwe na wasiwasi, dada yako aliniachia silaha. Rafu ya juu kabisa, nyuma ya birika lililovunjika mdomo, kuna kopo limeandikwa SUMU YA MENDE. USIGUSE. Sikuligusa maisha yangu yote, nilikuwa mume mtiifu. Juzi nimejifunga leso puani, nimevaa mifuko ya nailoni mikononi, nimezuia pumzi, nimeweka kijiko kimoja katika kila kona. Ni unga laini, mweupe kidogo wa manjano. Kisha nimenawa mara tatu. Kesho naanza kuokota maiti.

Shemeji yako,
Fundi Saa

Bahasha nimeifunga kwa pini. Gundi yake imeliwa.


18 Mei

Shemeji,

Naomba radhi, kwako na kwa yule mama. Nimewasimulia walimu wenzangu ofisini na sasa kila anayeingia na mkoba anachekwa.

Kwanza, barua yako haikufika peke yake. Nilipotoa pini, tunutu mmoja, yaani mtoto wa mende, mdogo kama punje ya ufuta, alitoka bahashani akapita juu ya sahihi yako. Amesafiri siku nne bila tiketi. Nimemweka ndani ya chupa ya jamu kwenye maabara ya shule na nimempa jina: Mpwa.

Pili, nisikilize kama mwalimu wa baiolojia. Hawa wako ndio mende wadogo wa jikoni. Wana mabawa lakini ni kama koti la sherehe, hawaruki nayo. Mama habebi mayai kwa maringo. Akiyaacha mapema yanakauka, kwa hiyo huyabeba karibu mwezi mzima mpaka yanapokaribia kuanguliwa. Na chakula si shida yao kubwa. Bila chakula mende anaweza kuvumilia wiki nyingi. Bila maji hamalizi mbili. Tengeneza hiyo koki! Dada alikuwa akilifuta sinki mpaka likauka kila jioni kabla ya kulala. Wewe ulidhani ni kwa nini?

Tatu, kuhusu kopo lile. Shemeji, usiweke zaidi. Siwezi kueleza kwa barua, niliahidi. Nakuomba tu, liache.

Mwalimu


26 Mei

Shemeji,

Koki nimeitengeneza. Ilikuwa mpira wa ndani umechakaa, kazi ya dakika kumi, na nimeishi na lile tone miezi minne. Kuhusu kulifuta sinki, ni kweli, kila jioni nilimsikia na kitambaa chake. Nilidhani ni usafi. Mara moja nilimwambia, "Sinki litachubuka." Akanijibu, "Wewe shughulika na saa zako."

Onyo lako kuhusu kopo nimelielewa: sumu ni kali, unaogopa nisidhurike. Asante. Ndiyo maana sasa naweka nikiwa na leso mbili.

Nasema naweka kwa sababu nimelazimika kuongeza. Shemeji, sielewi. Asubuhi ya kwanza sikuokota maiti hata mmoja, lakini kona zote zilikuwa safi kama zimelambwa. Nikawaza, sumu imepoa kwa kukaa muda mrefu. Nikaweka vijiko viwiliviwili. Sasa wanakuja familia nzima. Hawakimbii tena kwa hofu, wanatembea. Wamenenepa. Jana nilikuta mmoja mweupe pee, mweupe kama karatasi, nikasema hatimaye sumu imemgeuza rangi, huyu anakufa. Nikamtazama kwa lenzi kwa saa nzima. Akaanza kuwa wa manjano, kisha wa kahawia, kisha akaondoka na afya yake.

Lebo saba zimeanguka. Nilijaribu kuzirudisha kwa kumbukumbu, na leo nimekunywa chai ya chumvi. Nimeimaliza. Aliyeweka lebo ni mimi, nitamlaumu nani?

Mama mwenye nyumba ananiuliza kila akipita ngazini, "Baba, kiberiti ninacho, tunaendeleaje?"

Fundi Saa


31 Mei

Shemeji,

ACHA. Usiongeze hata chembe. Leso mbili! Nimecheka mpaka mkuu wa shule akaja kuona kuna nini, kisha nimelia, kisha kengele ikagonga nikaingia darasani hivyohivyo.

Yule mweupe alikuwa ametoka tu kujivua gamba. Hivyo ndivyo wanavyokua, wanaacha nguo ya zamani na kukaa weupe kwa saa chache mpaka ngozi mpya igumu. Hakuwa mgonjwa. Alikuwa anakua, na najua alichokuwa anakula.

Kuhusu Mpwa. Nimefanya jaribio na wanafunzi. Stoo ya shule tulikamata wengine watatu wa umri wake, tukawaweka pamoja katika chupa nyingine. Chakula kilekile, maji yaleyale, rafu ileile. Wale watatu wameshajivua mara mbili. Mpwa mara moja tu, tena kwa kuchelewa. Vitabu vinasema ndivyo ilivyo: tunutu akilelewa peke yake hukua polepole. Hana njaa wala ugonjwa. Anakosa mtu wa kupita karibu yake akamgusa kwa papasi zake, zile nywele ndefu za kichwani. Mwanafunzi mmoja aliuliza, "Mwalimu, kumbe hata mende?" Nikamwambia andika, usiulize.

Mwalimu


5 Juni

Shemeji,

Kaa chini kwanza.

Jana nilipanda kiti nichukue lile kopo. Si kwamba nilikuwa nakaidi, nilitaka kulirudisha nyuma ya birika, niliache kama ulivyosema. Nilipolishika, lebo ikabaki mkononi. Gundi yote imeliwa. SUMU YA MENDE. USIGUSE. Ile aliyoibandika upya mwaka jana, mkono wake ulipokuwa umeanza kutetemeka. Herufi ya mwisho imeteleza mpaka ukingoni.

Chini yake kulikuwa na lebo nyingine. DAWA YA MINYOO.

Nikaweka lenzi jichoni, nikachukua kibano changu, nikaibandua polepole kama uso wa saa. Chini yake: MAZIWA YA WAGENI. Na chini kabisa, kwa mwandiko wa msichana, herufi za duara, wino umefifia: MAZIWA.

Nikafungua kopo bila leso. Nikanusa. Nikachovya kidole.

Shemeji, nimewalisha mende maziwa ya unga wiki tatu. Mtu na akili zake, mwenye mifuko ya nailoni mikononi.

Sasa nakumbuka kila kitu. Tulipooana nilikuwa naiba maziwa yake, kijiko kimoja kikavu mdomoni kila nikipita jikoni. Akaandika ya WAGENI. Nikajihesabia ugeni. Akaandika DAWA YA MINYOO, nami nikaona si vibaya mtu kujikinga. Nilimwambia hata mwenyewe, "Mke wangu, dawa yako ya minyoo ni tamu." Akatoka uani akakaa huko muda mrefu, mgongo wake kwangu, mabega yakitikisika. Nilidhani nimemuudhi. Jioni yake nikamletea viatu vipya.

Nimekaa juu ya kile kiti nikacheka peke yangu. Mama mwenye nyumba akagonga dari. Sikuwa nimecheka humu ndani tangu Januari.

Lakini nimebakiwa na siku ishirini na tano, na wapangaji walionona. Nifanye nini?

Habari za Mpwa nimezisoma mara mbili. Mchanganye na wenzake.

Fundi Saa


10 Juni

Shemeji,

Sasa ahadi imejivunja yenyewe, naweza kusema. Nilijua. Aliniambia mwaka uleule wa viatu, akaniapisha. Kila nilipokuja kwenu tulikuwa tukingoja uende dukani kwako, tunashusha SUMU, tunakunywa chai nzito nyeupe, tunacheka kama watoto. Wewe ulikuwa ukirudi unasema, "Mbona kunanukia vizuri?"

Mwaka jana nilimwambia, "Dada, unaumwa, mwache sasa ale maziwa yake." Akasema, "Akiyapata kirahisi hayatakuwa matamu." Akaomba karatasi na kalamu.

Na mimi ngoja nikiri. Likizo sikuwa na mitihani. Nilifika mpaka kituo cha basi na begi langu, nikarudi. Niliogopa kuingia lile jiko nikakuta mtu mmoja tu.

Haya, kazi. Nenda dukani ununue poda ya boriki, ile sumu nyeupe ya wadudu. Chukua kijiko kimoja cha poda hiyo, kijiko kimoja cha sukari, kijiko kimoja cha maziwa ya dada, ukande kwa maji kidogo, tengeneza vidonge vidogo kama mbegu za papai, uviweke ndani ya nyufa, si wazi sakafuni. Umewafundisha mwenyewe kuyapenda hayo maziwa. Watakula bila kuuliza. Polepole, wiki mbili. Wala usimkanyage anayetembea vibaya, mwache arudi kwao. Wenziwe hula mabaki yake, na sumu inahama naye. Kila jioni futa sinki mpaka likauke. Na hicho chombo cha kukandia kiandike wazi, tusije tukauana.

Mpwa nimemhamishia kwa wale watatu. Siku ya kwanza alijibanza pembeni. Leo wamekaa wote wanne chini ya kipande kimoja cha kadibodi, migongo imegusana.

Mwalimu


30 Juni

Shemeji,

Ameshuka saa tatu kamili, tochi mkono mmoja, kiberiti mkono wa pili, mpiga dawa akisubiri mlangoni na pampu yake mgongoni.

Wiki ya kwanza niliokota sitini na wawili. Ya pili thelathini. Yule mama wa mkoba nilimkuta tarehe ishirini na moja, amelala chali chini ya sinki kavu, na mkoba mpya nyuma. Nilimwambia pole. Tangu tarehe ishirini na sita, hakuna.

Mama mwenye nyumba alimulika kila mahali. Nyuma ya kabati, chini ya jiko, ndani ya sufuria. Kisha akapiga kelele. "Baba! Huyu hapa! Huyu hapa!" Nilihisi moyo umesimama kama saa iliyoangushwa. Pembeni ya rafu kweli alikuwepo, miguu sita, papasi mbili, mgongo wote. Mpiga dawa akaingia. Nikavuta lenzi, nikainama.

Nikamwambia, "Mama, tazama mwenyewe."

Akatazama. "Mbona ninaona upande wa pili?"

"Hii ni nguo tu. Mwenyewe aliivua akaondoka."

"Ameondoka kwenda wapi uchi?"

"Kule walikokwenda wenzake."

Akalipuliza lile gamba, likapeperuka. Mpiga dawa akacheka, akamwambia hachomi makopo ya mtu kwa sababu ya nguo iliyotupwa. Kiberiti kikarudi mfukoni.

Hakuishia hapo. Akainua macho rafuni, akasoma kwa sauti, "Sumu ya mende, usiguse. Kumbe ndiyo siri yako! Nigawie kijiko kimoja nipeleke juu." Shemeji, ningefanyaje? Kumpa ni kumpelekea mende wake karamu. Kumweleza ni kuitoa siri ya dada yako mbele ya watu. Nikamwambia hiyo imekwisha nguvu, nikampa vidonge kutoka kopo langu. Nimeliandika mwenyewe kwa wino mwekundu: SUMU KWELI. Akasoma lebo moja, akasoma ya pili, akanitazama, akapanda ngazi bila kuuliza.

Lebo zote kumi na moja zimerudi mahali pake, na za lile kopo nimezirudisha zote nne kwa mpangilio wake, MAZIWA chini kabisa, SUMU juu. Dukani kuna gundi ya chupa ambayo mende hawaili. Niliitazama, nikaiacha. Nimepika ya unga. Ilishika sufuria mara mbili, nami sikuwahi kumuuliza dada yako alikuwa akiweka maji kiasi gani.

Sasa njoo. Tarehe nne, basi la asubuhi, na safari hii upite kile kituo. Mpwa na wenzake wabaki shuleni, nakuomba. Ukiingia ukanikuta nakutengea chai nikiwa nimeshika kopo la sumu mkononi, vua viatu ukae.

Maziwa yamebaki ya kututosha sisi wawili, ingawa si mengi sana. Kijiko kimoja kikavu kwa siku, nikipita jikoni. Na kila mara, kabla sijafungua kifuniko, nageuka kwanza kutazama kama yupo nyuma yangu.

Shemeji yako,
Fundi Saa